UZI: Tupange safari ya gofu Sheep Ranch, Oregon, juu ya mwamba wa bahari

Msafiri wa Kibosho (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Ukitafuta habari za gofu ya ng'ambo kwa Kiswahili utakutana na matokeo ya mashindano: nani kashinda, kwa mikwaju mingapi, basi. Mtu anayetaka kufunga safari akacheze mwenyewe hana pa kushika. Na sasa tuko wengi, kuanzia Lugalo na Moshi hadi Karen na Vipingo, bila kuwasahau ndugu walioko Minnesota, Texas na Ontario. Ndiyo maana naufungua uzi huu, tusaidiane kupanga safari moja vizuri, na atakayekuja baadaye akute njia imeshafyekwa.

Kiwanja ninachokilenga ni Sheep Ranch, kaskazini kidogo ya mji wa Bandon, pwani ya jimbo la Oregon, Marekani. Ni kiwanja cha umma, yaani yeyote anayelipa anacheza. Kilifunguliwa Juni 2020 na ndicho cha tano kati ya viwanja vya mashimo 18 vya Bandon Dunes, mapumziko ya gofu yenye viwanja kadhaa na vyumba vya kulala. Cha kwanza, Bandon Dunes chenyewe, kilifunguliwa 1999 na kilichorwa na kijana wa Uskoti, David McLay Kidd. Ikafuata Pacific Dunes mwaka 2001, kazi ya Tom Doak, kisha Bandon Trails 2005 na Old Macdonald 2010. Mwenye mradi ni Mike Keiser wa Chicago, aliyepata utajiri wake kwa kuuza kadi za salamu za karatasi iliyorejelezwa.

Mbona nisichague kile cha kwanza chenye jina? Kwa sababu ya ardhi. Sheep Ranch imekaa juu ya mwamba unaoikabili Pasifiki kwa karibu kilomita moja na nusu, na grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo la kuingizia mpira) 9 kati ya 18 ziko ukingoni kabisa. Shimo la 1, la mikwaju 5 (ndiyo idadi anayotarajiwa mchezaji hodari kulimalizia), linakupeleka moja kwa moja baharini. Shimo la 3 na la 16, yote ya mikwaju 3, yanatumia grini moja kubwa kwenye ncha ya ardhi inayoitwa Fivemile Point. Halafu kuna jambo lililonivutia kuliko yote: kiwanja kizima hakina hata bunka moja, yaani shimo la mchanga la kumtega mchezaji. Waliokichora, Bill Coore na Ben Crenshaw (huyu wa pili ndiye bingwa wa mashindano makubwa ya Masters wa 1984 na 1995), waliona upepo wa pale ungeupeperusha mchanga wote, wakaweka mabonde ya nyasi badala yake.

Tutakuwa watatu, mimi na binamu zangu wawili. Tunafikiria mwishoni mwa Septemba. Wote ni wachezaji wa kawaida, handikapu zetu (mikwaju ya ziada anayohesabiwa mchezaji) ziko kwenye ishirini. Naomba waliofika wanieleze habari za kufika na kulala, upepo, kedi (mbeba begi na mshauri wa mchezaji), na kama miguu ya mtu anayekaa ofisini inaweza kubeba siku mbili, maana hakuna vigari vya gofu. Vinaruhusiwa tu kwa mwenye ulemavu aliye na uthibitisho.

Karibuni.

---

Kipanga_Portland

Mkuu, hongera kwa uzi. Mimi naishi jimbo hilohilo, kwa hiyo nitajibu la kufika na kulala.

Usianze na tiketi ya ndege. Anza na nafasi ya kucheza na chumba, kwa pamoja, kwa sababu vyumba vya pale ndivyo vinavyokwisha kwanza. Kwa miezi ya joto watu huweka nafasi mwaka mzima kabla, wengine zaidi. Septemba nayo inagombaniwa, kwa kuwa wenyeji tunajua ndio mwezi mzuri: upepo umeanza kutulia na mvua haijaanza. Kama vyumba vya ndani vimejaa, unaweza kulala mjini Bandon, ni mwendo mfupi kwa gari, ukaingia kama mgeni wa siku. Bei ya mgeni wa siku iko juu kidogo kuliko ya aliyelala humo.

Bei zinabadilika kila msimu, zisome kwenye tovuti yao siku unayolipa. La kuweka akilini ni kwamba kiangazi raundi moja ni mamia ya dola, na kuanzia Novemba hadi mwisho wa baridi inashuka sana. Raundi ya pili siku hiyohiyo ni nusu bei. Kwa mtu aliyetoka mbali hiyo nusu ndiyo inayofanya hesabu ikubali: asubuhi Sheep Ranch, mchana kiwanja kingine.

Uwanja wa ndege wa karibu uko North Bend, kama nusu saa kwa gari, na kuna ndege za kutoka San Francisco. Ndege ni ndogo na ukungu wa pwani huzizuia kutua mara kwa mara, kwa hiyo msipange kufika na kucheza siku hiyohiyo. Njia ninayowapendekezea ninyi watatu ni kutua Portland, mkodi gari, mteremke kusini kwa saa nne na nusu au tano. Mkitua Eugene ni saa mbili na nusu hivi. Gari mtalihitaji kwa hali yoyote, kwa mizigo na kwa kula mjini.

---

Mzee wa Kizota

Nimesoma yote kwa makini. Nina neno moja, na sina nia ya kuharibu uzi wa kijana.

Mnasema kiwanja ni cha umma. Mali ni ya mtu binafsi na raundi ni mamia ya dola. Umma gani huo? Hapo hapo Marekani, San Diego, kuna Torrey Pines. Nayo iko juu ya miamba ya Pasifiki, ilifunguliwa 1957 kwenye ardhi iliyokuwa kambi ya jeshi ya Camp Callan wakati wa vita vya pili, na mwenyewe ni halmashauri ya jiji. Mkazi wa San Diego analipa sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni. Na usidhani ni kiwanja cha daraja la chini: mashindano makubwa ya U.S. Open yamechezwa pale mara mbili, 2008 aliposhinda Tiger Woods huku mguu wake umevunjika, na 2021 aliposhinda Jon Rahm. Dobi na daktari wanapanga foleni moja alfajiri. Hicho ndicho mimi ningekiita cha umma, na ndicho ningependa kukiona Dodoma siku moja.

---

Msafiri wa Kibosho

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Torrey Pines ni mali ya wananchi, Sheep Ranch si mali ya wananchi. Hilo halina ubishi.

Lakini tazama historia ya kipande hiki cha ardhi. Kabla ya 2020 Sheep Ranch ilikuwa karibu siri. Keiser na mshirika wake wa biashara ya kadi, Phil Friedmann, walikuwa wamewaomba Tom Doak na Jim Urbina watengeneze grini 13 tu pale juu ya mwamba, bila mpangilio wa mashimo. Kikundi kidogo kilipewa eneo lote kwa siku nzima, kila mtu akichagua mwenyewe aanzie wapi na alenge grini ipi. Wachache mno walijua pa kuomba nafasi. Walipoamua kujenga kiwanja kamili wangeweza kukifanya cha wanachama tu, kama Cypress Point kule California, ambako hata uwe na pesa kiasi gani hupigi mpira mpaka mwanachama akualike. Wakakifungua kwa kila anayelipa. Hakuna anayekuuliza wewe ni mwanachama wa wapi, wala handikapu yako.

Kwangu mimi hilo lina uzito, nikikumbuka klabu ngapi za kwetu zilianza kwa kutuzuia mlangoni. Ila nakubali kabisa kwamba mlango uliofunguliwa kwa dola mia kadhaa haujafunguliwa kwa wote. Mwenye jamaa San Diego afikirie ushauri wa Mzee kwa uzito uleule.

---

Binti Tudor

Asalaam aleikum wote. Kaka wa Kibosho, umeuliza habari za upepo, na hilo ni letu sisi watu wa Mombasa. Mimi nimejifunzia klabu ya Mombasa, ile ya mashimo 9 kando ya Mama Ngina, na mwaka uliopita mume wangu alinipeleka Bandon. Nitasema nilichokiona.

Kwetu kusi huvuma katikati ya mwaka, kaskazi mwishoni na mwanzoni mwa mwaka. Kwao imegeuka. Kiangazi upepo hutoka kaskazini, asubuhi mpole, kuanzia adhuhuri unakaza hadi jioni. Tufani za miezi ya baridi ndizo zinazotoka kusini, na mvua ndani yake. Kwa hivyo shimo alilolicheza rafiki yako mwezi wa Julai kwa upepo wa mgongoni, wewe ukienda Januari utalipata la upepo wa usoni. Usikariri fimbo za mtu mwingine.

Kuna hesabu inayosaidia. Kila maili moja kwa saa ya upepo wa usoni hukukatia takriban asilimia moja ya umbali wako. Wa mgongoni hukuongezea nusu ya hapo tu. Upepo wa maili 20 si jambo la ajabu pale, kwa hivyo shoti yako ya yadi 150 itaanguka kwenye 120. Chukua fimbo mbili au tatu zaidi na upige pole. Ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka zaidi, unapanda, na ukishapanda si wako tena.

Pale hakuna mnazi wala mkungu wa kukukinga. Grini ya Fivemile Point iko wazi pande zote, na hata kusukuma mpira wa hatua mbili upepo unauhamisha. Tandaza miguu, inama, usiache fimbo ining'inie.

Na nafasi ya asubuhi. Kama Sheep Ranch ndiyo iliyokupeleka, icheze asubuhi, mchana uende Bandon Trails, ambayo mashimo yake mengi yamepita msituni na upepo haukufikii sana.

---

Kedi Mstaafu

Wakuu, hapa nina la kusema, kwa sababu nimebeba mabegi ya watu tangu ujana wangu Nairobi kabla sijahamia huku Ulaya.

Kwanza kedi. Kwetu kedi amezoeleka kila klabu, na malipo yake ni madogo mno kwa kazi anayofanya. Bandon, nilipofika mimi, mtu huyo alikuwa akianzia dola 100 kwa begi moja kwa raundi, kabla ya bakshishi, na akilipwa taslimu mkononi. Kuna atakayeona ni ghali. Mimi nilifurahi kuona kazi hiyo imepewa heshima yake. Kama bajeti haitoshi, vitoroli vya kusukuma vipo. Ushauri wangu kwa watu watatu wanaofika mara ya kwanza: chukueni kedi raundi ya kwanza, Sheep Ranch, hata kama ni mmoja wa kushirikiana. Ardhi ile haina bunka wala miti ya kutosha kukupa kipimo cha macho. Utaona grini iko karibu kumbe iko mbali, na nyuma yake ni bahari tupu. Kedi atakuonyesha mahali pa kudondosha mpira, mara nyingi yadi 30 kabla ya grini, kisha ukimbie wenyewe.

Hapo ndipo penye utamu wa viwanja hivi, na ndipo wengi wetu tunapopotea. Nyasi zake ni feskyu, nyembamba na kavu, na chini yake ni mchanga, kwa hiyo maji hayasimami na ardhi ni ngumu. Mpira ukitua haukai. Mtu aliyelelewa kwenye kikuyu grasi, zile nyasi nene za nyanda za juu zinazoukamata mpira, amezoea kuurusha juu utue na kusimama. Pale ukiurusha juu, kwanza upepo utauchukua, na ukibahatika kutua kwenye grini utaruka hadi nyuma. Jifunzeni kabla ya safari shoti moja tu: ayani (fimbo ya chuma) namba 7 au 8, mpira nyuma kidogo kuelekea mguu wa kulia, mkono mfupi, uende chini chini na kuviringika. Na msione haya kutumia fimbo ya kusukumia mkiwa hatua 20 nje ya grini. Wachezaji wakubwa wanafanya hivyo pale, kwa sababu ndiyo shoti sahihi.

Weji zenu za nyuzi 60, fimbo za kurusha mpira juu, ziacheni nyumbani. Begi litapungua uzito pia.

Miguu: raundi moja ni kilomita 9 hadi 11 za kutembea. Sheep Ranch haina milima ya kutisha. Mtu wa ofisini akianza miezi mitatu kabla, kutembea saa moja na nusu mara tatu kwa wiki akiwa na begi mgongoni, ataweza raundi mbili kwa siku. Asiyejiandaa ataweza moja na nusu, na ile nusu ya mwisho ataicheza akiwa amekasirika. Viatu visiwe vipya.

Na chagueni tii (mahali pa kupigia mpira wa kwanza) za mbele. Kiwanja kutoka nyuma kabisa ni yadi 6,636, namba ndogo kwa zama hizi, inadanganya. Mkipanga tii kwa kiburi mtatembea mkitafuta mipira badala ya kutazama bahari.

---

Kipanga_Portland

Kedi Mstaafu amenena. Niongezee mambo mawili ambayo mgeni hayatarajii.

Baridi. Watu wakisikia pwani wanafunga kaptura. Maji ya Pasifiki pale ni baridi mwaka mzima, na mchana wa Septemba hewa huwa nyuzi 17 au 18. Ukungu ukiingia, pungufu. Chukueni koti jepesi lisilopitisha maji na suruali yake, kofia ya sufi, glavu za mvua jozi mbili. Mwavuli hauna kazi kwenye upepo huo.

La pili ni gosi. Ni kichaka cha miiba chenye maua ya njano, mtaona kimetanda kila mahali. Kililetwa na George Bennett, Mwairishi aliyeuanzisha mji huo katika miaka ya 1870 na kuupa jina la mji wa kwao. Kina mafuta ndani yake na huwaka hata kikiwa kibichi. Septemba 1936 moto wa msituni ulikifikia na karibu mji wote wa Bandon ukateketea. Mpaka leo kuking'oa ni kazi ya kudumu pande zile. Kwenu ninyi wachezaji maana yake ni hii: mpira ukiingia gosi, achana nao, miiba ile inapita kwenye glavu. Na ule unaodondoka mwambani usiufuate hata hatua moja, ukingo ule unamomonyoka.

---

Mzee wa Kizota

Marahaba kijana, na asante kwa jibu la kiungwana. Swali jingine. Hayo makusanyo yote, mji unapata nini?

---

Kipanga_Portland

Mzee wangu, swali zuri. Bandon ulikuwa mji wa mbao na uvuvi, na vyote viwili vilikuwa vimedorora kabla ya 1999. Sasa mapumziko yale ni miongoni mwa waajiri wakubwa wa eneo hilo, ukijumlisha makedi kwa mamia. Pia kuna kiwanja kidogo cha mashimo 13 ya mikwaju 3, kinaitwa Bandon Preserve, cha 2012, kazi ya haohao Coore na Crenshaw. Faida yake inakwenda kwenye mfuko wa uhifadhi na maendeleo ya jamii ya pwani ile. Upande wa pili, nyumba zimepanda bei na mfanyakazi wa kawaida anapata tabu kupanga karibu na kazini. Hilo nalo ni kweli, na wenyeji wanalilalamikia.

Kwa kundi la Kibosho: Preserve ni mahali pa jioni ya siku ya kufika, mchezo mfupi wa kunyoosha miguu baada ya gari. Mwishoni mwa Septemba jua linazama saa moja jioni, mkifika saa tisa mnaimaliza vizuri.

---

Msafiri wa Kibosho

Nimeyaandika yote. Tumeshakubaliana na binamu zangu: tunatua Portland, Preserve jioni ya kufika, Sheep Ranch asubuhi ya siku ya kwanza na kedi mmoja, Bandon Trails mchana wake, siku ya pili tunarudi Sheep Ranch bila kedi tuone tumejifunza nini. Kwa bajeti yetu Pacific Dunes itasubiri.

Ila limezuka jipya. Mama mkubwa naye anataka kuja. Hachezi gofu, ana miaka sabini na kidogo, anatembea vizuri kwenye tambarare. Atakaa wapi sisi tukiwa uwanjani?

---

Binti Tudor

Mlete, kaka! Mama mkwe wangu tulikuwa naye. Karibu na pa kuanzia Pacific Dunes kuna Punchbowl, uwanja wa kusukuma mpira tu, zaidi ya ekari mbili, una vilima na mabonde. Mtu asiyewahi kushika fimbo anacheza, nasi tulicheza bila kulipa. Mama alipata raha pale hadi kiza kikaingia. Ulizeni utaratibu mkifika.

---

Kipanga_Portland

Na mjini Bandon mwenye gari anaweza kumzungusha nusu siku bila kuchoka. Kuna mnara wa taa wa mto Coquille, wa 1896, ambao mnauona kutoka gatini. Kuna Face Rock, jiwe kubwa baharini lenye umbo la uso wa mtu ukitazama juu. Wenyeji wa asili wa pale wanasimulia kuwa ni binti anayeitwa Ewauna. Mahali pa kulitazamia pana maegesho na njia ya tambarare, hahitaji kushuka ngazi.

Akitaka kushuka ufukweni, fukwe zote za Oregon ziko wazi kwa wananchi kwa sheria ya 1967, hadi pale majani yanapoanza kuota. Hata ule ulio chini ya mwamba wa viwanja vya gofu hakuna anayeweza kumkataza kupita. Ila mtu mmoja abaki naye wakati wote, na asiyape maji mgongo. Pwani hii ina mawimbi yanayopanda ghafla mbali kuliko mengine yote, na hubeba magogo mazito. Tazameni jedwali la kupwa na kujaa asubuhi, mshuke maji yakiwa yanapwa, na magogo yaliyolala mchangani asikalie hata kama yanaonekana makavu. Siku mtakayocheza raundi mbili, mmoja wenu aache ile ya mchana akae naye.

---

Msafiri wa Kibosho

Raundi ya mchana naiacha mimi. Tarehe zikithibitishwa nitaziweka hapa, pamoja na bei tutakayolipa kweli.